Sanduku la Nguvu Lililopotea: Habari za Umeme wa Vikuza Sauti vya Zamani



Katika mazungumzo haya nakusudia kueleza habari za chombo ambacho hakisifiwi na mtu wala hakitazamwi na mtu, nacho ndicho kilichovipa uhai vyombo vya kwanza vya kusikilizia sauti zitokazo mbali. Chombo hicho ni sanduku la nguvu. Yaani ile betri, au lile kasha la chuma lenye koili ndani yake, lililokaa chini ya meza na kukilisha umeme kikuza sauti kilichokaa juu ya meza. Kikuza sauti hutunzwa, hupanguswa vumbi, hurithiwa na watoto na wajukuu. Sanduku la nguvu halina bahati hiyo. Betri ikiisha hutupwa; kasha likiota kutu hutupwa; na watu wakihama nyumba, kilicho juu ya meza huchukuliwa, kilicho chini ya meza huachwa. Ndiyo sababu hata leo, katika masoko ya vitu vya kale ya Ulaya na Marekani, hupatikana vikuza sauti vya vali vilivyo vizima kabisa, pamoja na visikilizi vyake vya kuvaa masikioni, ila vina mkia wa waya usiofungwa mahali popote.

Mtu akinunua chombo cha namna hiyo, swali lake la kwanza ni hili: nikipe umeme gani? Swali ni dogo kulitamka, lakini kosa katika jibu lake laweza kuua vali ambayo kiwanda chake kilikwisha kuacha kuitengeneza zamani sana. Na katika vyombo vingine laweza kumwua mtu mwenyewe, kwa sababu waya za visikilizi hufika hata kichwani pake. Jibu halipatikani kwa kubahatisha. Hupatikana kwa kujua jinsi watu wa zamani walivyopata umeme wao, maana kila vali ilitengenezwa ili ilingane na umeme uliokuwapo katika nyumba za siku zile. Basi na tuianze habari hiyo tangu mwanzo wake.

Mwaka 1904 mtaalamu mmoja wa Uingereza, John Ambrose Fleming, alitengeneza chupa ya kioo iliyotolewa hewa, mfano wa taa ya umeme. Ndani yake mlikuwa na uzi mwembamba uliotiwa moto kwa umeme, na kando yake bamba la madini. Uzi ukipata moto hutoa chembe za umeme ziitwazo elektroni, nazo huruka kuliendea bamba. Lakini hazirudi kutoka bambani kwenda kwenye uzi. Kwa hiyo chupa hiyo ilikuwa kama mlango ufunguliwao upande mmoja tu, na Waingereza wakaiita vali. Mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest akatia kitu cha tatu kati ya uzi na bamba, nacho ni waya uliokunjwakunjwa mfano wa wavu. Umeme mdogo sana ukitiwa katika wavu huo huweza kuuongoza umeme mkubwa upitao kwenda bambani, kama vile mtoto aliyeshika bomba awezavyo kuongoza maji mengi ambayo hana nguvu za kuyainua. Huo ndio mwanzo wa kukuza sauti.

Lakini angalia, msikilizaji, jambo ambalo mara nyingi husahauliwa. Vali haitoi nguvu. Huongoza tu nguvu iliyotoka mahali pengine. Tena haikuhitaji umeme wa namna moja, bali namna tatu. Kwanza ni umeme wa kutia moto uzi, ambao ni wa volti chache lakini mkondo wake ni mkubwa. Pili ni umeme wa bamba, ambao ni wa volti nyingi na mkondo wake ni mdogo kabisa. Tatu ni umeme wa wavu, wa volti chache, ambao karibu hautumiki hata kidogo; kazi yake ni kuuweka wavu katika hali inayofaa. Wamarekani waliziita betri hizo tatu kwa herufi A, B na C. Vyombo vingi vya kale vina herufi hizo zimechorwa kando ya skrubu za kufungia waya, na mwenye chombo chenye alama hizo na ashukuru, maana nusu ya kazi yake imekwisha.

Mwaka 1912 de Forest aliwaonyesha vali yake wataalamu wa kampuni kubwa ya simu ya Marekani. Haikuwa imara, umeme ulipozidi ilijaa ukungu wa rangi ya buluu ikaacha kufanya kazi. Harold Arnold, mmoja wa wataalamu hao, alitambua kwamba dawa yake ni kuitoa hewa zaidi, na tarehe 25 Januari, 1915, simu ya kutoka New York hata San Francisco ikafunguliwa kwa msaada wa vikuza sauti vya vali. Katika vituo vya simu umeme haukuwa taabu, kwa sababu vilikuwa na vyumba vizima vilivyojaa betri.

Taabu ilionekana vitani. Katika Vita Kuu ya 1914 hata 1918 Wafaransa walitengeneza vali iliyoitwa TM, nao wakaitumia katika vikuza sauti vya kusikiliza maneno ya simu ya adui yaliyovuja kupita ardhini. Msikilizaji alikaa shimoni, visikilizi masikioni, akiandika maneno ya watu waliokuwa ng'ambo ya pili ya uwanja wa vita. Uzi wa vali moja ya TM ulihitaji volti 4 na mkondo wa ampea 0.7, yaani karibu wati 3. Kikuza sauti chenye vali 3 kilikula zaidi ya wati 8 kwa kutia nyuzi moto tu, kabla hakijakuza neno hata moja. Nguvu hizo zilitoka katika betri za risasi na asidi, ambazo Mfaransa Gaston Planté alizibuni mwaka 1859. Ni nzito, huvuja, na zikiisha sharti zichukuliwe mahali pa kutiwa umeme tena. Chombo kilibebwa na mtu mmoja bila shida. Betri zake ndizo zilizowachosha askari.

Vita vilipokwisha, redio iliingia majumbani. Tarehe 2 Novemba, 1920, kituo cha KDKA cha kampuni ya Westinghouse, katika mji wa Pittsburgh, kilitangaza matokeo ya uchaguzi wa rais wa Marekani, na kwa muda wa miaka michache watu wakashikwa na tamaa kubwa ya kusikiliza. Lakini vali ya siku zile iliyoitwa UV-201 ilihitaji volti 5 na ampea 1 nzima. Chombo chenye vali 4 kilikula ampea 4, na betri ya risasi yenye akiba ya ampea 80 kwa saa ilimalizika katika saa 20. Basi mwenye nyumba alikuwa na mzigo usiokwisha: kubeba betri kuipeleka gereji, kungoja, kuilipia, kuirudisha, na kuomba asidi isidondoke katika zulia la mkewe. Wenye maduka ya baiskeli na gereji walipata fedha nyingi kwa kazi hiyo, nchini Uingereza kadhalika na Marekani. Lakini mtu wa shamba asiye na gereji karibu alifanyaje?

Hapo ndipo Westinghouse walipofanya jambo ambalo kwa maoni yangu lastahili sifa kuliko mambo mengi yaliyopigiwa tarumbeta siku zile. Walitengeneza vali iitwayo WD-11. Uzi wake ulipakwa oksaidi zinazotoa elektroni kwa moto mdogo, hata ikatosha volti 1.1 na ampea 0.25 tu. Piga hesabu: vali ya kwanza wati 5, vali hii karibu robo ya wati, yaani sehemu moja katika 18. Betri moja kavu ya volti 1.5, kama zile zilizotumika kwa kengele za milangoni, iliweza kuiwasha. Vali hiyo ilitiwa katika redio ndogo iitwayo Aeriola Senior, iliyokuwa na vali moja tu na kusikilizwa kwa visikilizi vya masikioni. Na kwa wale waliotaka sauti zaidi palikuwa na sanduku la pili la kuwekwa kando yake, kikuza sauti chenye vali 2 za namna hiyo hiyo. Mwaka 1924 ikafuata Radiola III, ya vali 2 za WD-11, ya kwanza ikinasa matangazo na ya pili ikiikuza sauti kwa ajili ya masikio ya msikilizaji. Hakuna asidi wala gereji. Maskini naye akasikia.

Nitarudi kwa WD-11 baadaye, maana ndiyo iliyo katika vyombo vingi vya visikilizi vilivyopotelewa na betri zake. Kwanza tuone jinsi betri zilivyofukuzwa.

Miji mingi ya Marekani ilikuwa na umeme wa mitambo majumbani, na kila mtu aliuliza: taa yangu yawaka kwa umeme wa ukutani, kwa nini redio yangu idai betri? Sababu ni kwamba umeme wa ukutani ni wa kwenda na kurudi. Katika Marekani huenda na kurudi mara 60 katika sekunde moja, na katika Uingereza na nchi zetu za Afrika Mashariki mara 50. Ukiutia katika bamba la vali, hukuza mvumo wake wenyewe kuliko maneno ya mtangazaji. Na mwenye kuvaa visikilizi ndiye anayeudhika zaidi, kwa kuwa mvumo ambao katika tarumbeta za kusikilizia za siku zile haukusikika sana, humwingia masikioni kama nyuki aliyefungiwa ndani ya mtungi.

Dawa ya kwanza ilikuwa sanduku la kuondoa betri ya B. Ndani yake mlikuwa na transfoma ya kuongeza volti. Kisha vali yenye mlango wa upande mmoja, mfano wa ile ya Fleming, iliyouruhusu umeme kwenda na kuuzuia kurudi. Kisha kapasita na koili yenye moyo wa chuma. Kapasita ni kama pipa: maji huingia kwa kurushwarushwa na ndoo, lakini hutoka chini kwa mfereji uliotulia. Koili huzuia mabadiliko ya ghafula. Vitu hivyo viwili kwa pamoja huutuliza umeme hata ukafanana na ule wa betri. Kampuni moja ndogo ya Cambridge, Massachusetts, iliyoanzishwa mwaka 1922, ilipata nguvu kwa kuuza vali ya namna hiyo iliyojaa gesi, isiyo na uzi wa kuungua. Mwaka 1925 waliitangaza kwa jina la Raytheon, na punde si punde kampuni yenyewe ikachukua jina hilo. Baadaye ilitengeneza rada na makombora. Lakini mlango wake wa kwanza wa riziki ulikuwa kuwaondolea watu udhia wa betri za redio.

Betri ya A ilikuwa ngumu zaidi kuiondoa. Uzi mwembamba ukilishwa umeme wa kwenda na kurudi hupata moto na kupoa kila mara, nao mvumo wake huingia katika sauti. Ufumbuzi ulikuwa kutenga kazi mbili: kile kinachotia moto kiwe kimoja, na kile kinachotoa elektroni kiwe kingine kinachokizunguka. Kijiti cha kiberiti hupoa mara kikizimika. Lakini chungu kilichokwisha kupata moto hakipoi kwa sababu ya kuni kuondolewa kitambo kidogo. Katika Kanada kijana Edward Rogers wa Toronto, aliyezaliwa mwaka 1900, alinunua haki za vali ya namna hiyo iliyobuniwa na Mmarekani aitwaye McCullough, akaitengeneza vizuri zaidi, na mwaka 1925 akaonyesha katika maonyesho makubwa ya Toronto redio isiyohitaji betri yo yote. Alipofungua kituo chake cha matangazo mwaka 1927, alikiita CFRB, na herufi ya B katika jina hilo ni ya maneno yasemayo kwamba haina betri. Alifariki mwaka 1939, umri wake miaka 38. Mwaka huo huo wa 1927 Wamarekani nao walitoa vali za umeme wa ukutani: UX-226 ya volti 1.5, UY-227 ya volti 2.5, na UX-280 ya kuunyosha umeme.

Sasa naomba msikilizaji azitazame hesabu za volti nilizozitaja, maana hizo ni kama nyayo za mnyama. Seli moja ya betri ya risasi hutoa karibu volti 2. Vali nyingi za Kiingereza za vijijini zilikuwa za volti 2: basi zilitengenezwa kwa watu wenye seli moja. TM ya Wafaransa ni volti 4: seli mbili. UV-201 ni volti 5: seli tatu, ambazo ni volti 6, na kitufe cha kupunguzia volti 1 iliyozidi. WD-11 ni volti 1.1: betri kavu moja, na kitufe. Hata vali za miaka ya baadaye zilizotiwa moto kwa transfoma zina alama ya betri. Nyingi zao ni za volti 6.3, na watu hushangaa kwa hesabu hiyo isiyo kamili. Asili yake ni motokaa: betri ya motokaa za miaka ya 1930 ilikuwa na seli tatu, kila seli ikiwa imejaa hutoa volti 2.1, na 2.1 mara 3 ni 6.3.

Tena watengenezaji waliandika ushuhuda huo katika majina ya vali zao. Tangu mwaka 1933 Wamarekani walianza kutoa majina ambayo tarakimu yake ya kwanza huonyesha volti za kutia moto: jina likianza kwa 6, kama 6SN7, ni volti 6.3, likianza kwa 12, kama 12AX7, ni volti 12.6. Katika Ulaya, tangu mwaka 1934, herufi ya kwanza ilifanya kazi hiyo: A ni volti 4, D ni volti 1.4, E ni volti 6.3, K ni volti 2 za betri. Kwa hiyo vali iliyoandikwa ECC83 imekwisha kukuambia nusu ya habari za sanduku lako lililopotea, hata kama hakuna mtu hai anayelikumbuka.

Katika nchi ambazo vijiji vyake havikuwa na umeme wa mitambo, betri hazikufukuzwa upesi. Matangazo yalianza Nairobi mwaka 1928, lakini mtu wa mbali na mji hakuwa na ukuta wa kuchomekea waya. Mfano ulio bora ni wa Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambayo tangu mwaka 1964 huitwa Zambia. Huko Harry Franklin, mkuu wa idara ya habari, alitafuta kwa miaka kadhaa kiwanda cha kutengeneza redio ambayo Mwafrika wa kawaida angaliweza kuinunua. Viwanda vya redio havikumsikiliza. Waliomsikiliza ni Ever Ready wa Uingereza, ambao walikuwa wauzaji wa betri; na mwenye akili ataona mara moja kwa nini. Mwaka 1949 ikatoka redio ya vali 4 iliyotiwa ndani ya sufuria ya alumini isiyo na mkono, nayo ikaitwa Saucepan Special. Bei yake ilikuwa paundi 5, na betri yake paundi 1 na shilingi 5, nayo ilidumu saa 300. Mtu aliyesikiliza saa 2 kila siku alinunua betri mpya baada ya miezi mitano, na betri nne zilimgharimu sawa na redio yenyewe. Sufuria hizo ziliuzwa kwa maelfu. Lakini katika kila nyumba palikuwa na mtu mmoja aliyelinda kitufe cha redio kama alindavyo chumvi, asiruhusu iwake baada ya taarifa ya habari.

Mwezi wa Desemba, 1947, katika maabara ya Bell huko Marekani, ilikwisha patikana transista, ambayo haina uzi wa kutia moto. Redio ya kwanza ya transista iliyouzwa madukani, Regency TR-1 ya mwaka 1954, ilitumia betri ndogo ya volti 22.5, ukubwa uliokuwa maarufu zama za betri B. Transista zilipoenea, haja ya betri kubwa za volti 45 na 90 ikaisha. Viwanda vikaacha kuzitengeneza, na vikuza sauti vya vali vilivyozitegemea vikanyamaza. Vyenyewe vilikuwa vizima. Ni chakula chao tu kilichoacha kuuzwa.

Basi tumefika kwa yule mtu wetu mwenye kikuza sauti kisicho na sanduku la nguvu. Tuseme amepata kile kikuza sauti cha vali 2 za WD-11. Vali hizo atazitambua kwa miguu yake, maana ina minne, na mmoja ni mnene kuliko mingine mitatu. Haziingii katika tundu la vali nyingine.

Kwa kazi ya A yatosha betri kavu kubwa ya volti 1.5, kama ile ya kurunzi kubwa. Nyuzi za vali 2 zikifungwa sambamba hula ampea 0.5, na volti zinazozidi ni 0.4, basi kizuizi cha omu 0.8 katika njia yake huleta volti 1.1 barabara. Kama chombo kina kitufe chake cha kupunguzia, na aanze nacho kikiwa chini kabisa, apandishe polepole, na mita ya volti imefungwa penye uzi wa vali. Asitumie kifaa cha kuchajia simu ya mkononi, ambacho hutoa volti 5: uzi wa WD-11 utakatika kabla hajaondoa mkono wake. Kwa UV-201A, dada mdogo wa UV-201 aliyehitaji volti 5 na ampea 0.25 tu, volti hizo zingalingana. Lakini vifaa hivyo huukatakata umeme kwa haraka sana, na mlio wake waweza kusikika katika visikilizi.

Kwa kazi ya B, betri ndogo za volti 9 zinazouzwa kila mahali zaweza kushikanishwa mkia kwa kichwa. Tano ni volti 45, kumi ni volti 90. Mkondo wa bamba ni sehemu chache za elfu za ampea, yaani miliampea chache tu, kwa hiyo hudumu siku nyingi. Aanze kwa 45. Akipanda hata 90, wavu wa WD-11 wahitaji betri C ya volti 4.5, na upande wake wa hasi uelekee kwenye wavu.

Sasa lipo jambo ambalo liliwatoa machozi watu wengi wa miaka ya 1920. Waya wa B ukigusa mahali pa A, hata kwa kupepesa jicho, volti 90 hupita katika nyuzi zote na vali zote hufa pamoja. Kinga yake ni rahisi, tena ni ajabu kwamba haikutiwa katika kila chombo tangu kiwandani: kizuizi cha omu 1,000 katika waya wa B. Kosa likitokea, mkondo hauwezi kuzidi ampea 0.09, nao uzi wa WD-11 huvumilia 0.25. Wakati wa kazi yake ya kawaida kizuizi hicho hupunguza volti mbili tatu tu, wala sikio halitambui.

Katika vikuza sauti vya namna hii visikilizi vimefungwa katika njia ya bamba lenyewe, hata umeme wa B hupita katika koili zake. Kwa hiyo visikilizi vinavyofaa ni vile vya kale vyenye waya mwembamba mrefu, vya omu 2,000 hivi, mfano wa vile ambavyo Nathaniel Baldwin wa Utah aliwapelekea wanamaji wa Marekani mwaka 1910. Vile vya siku hizi havilingani navyo, navyo vyaweza kuungua. Kama waya moja ya visikilizi ina alama, ifungwe upande wa chanya, maana mkondo ukipita kinyume hudhoofisha sumaku zake.

Volti 45 za betri kavu ni nadra kumdhuru mtu. Lakini mtu akiokota sanduku la kale la umeme wa ukutani, lenye volti 180 au zaidi, akalifunga kwa chombo hicho kwa sababu plagi imeingia, amejivika kichwani umeme wenye kuua. Kapasita za sanduku kama hilo zilizokaa miaka 90 huwa zimekwisha haribika na kuvuja. Tena sanduku lililokusudiwa vali tano, likipewa vali moja, volti zake hupanda kuliko zilizoandikwa, kwa kuwa hakuna wa kuzila. Na likiwa la Marekani, lilikusudiwa volti 110 au 120. Katika nyumba ya Dar es Salaam au Mombasa lingeungua mara moja. Mwenye kutaka kutumia umeme wa ukutani na atengeneze sanduku jipya, lenye transfoma inayotenga kabisa umeme wa nyumba na umeme wa chombo, lenye fyuzi, na lenye kizuizi cha kumwaga umeme uliobaki katika kapasita baada ya kuzima. Kapasita hushika umeme hata waya ikiwa imekwisha kuchomolewa, na mafundi wengi wameupata ushahidi wa jambo hilo katika vidole vyao.

Kwa vikuza sauti vya baadaye, vya volti 6.3, njia ni ile ile ingawa volti za bamba ni nyingi zaidi, mara nyingi 200 na kupita. Soma jina la vali, tafuta jedwali la kiwanda chake, jumlisha mkondo wa nyuzi zote, kisha fuata waya kutoka kwenye plagi hata kwenye kila mguu wa vali, ili ujue ni ipi ya moto, ipi ya bamba, na ipi ya udongo. Watengenezaji wengine waliweka transfoma katika kasha la mbali ili sumaku yake isivumishe visikilizi. Hao ndio hasa ambao masanduku yao hupotea, na kila mmoja alichagua plagi kama alivyopenda.

Siku ya kuwasha, WD-11 humdanganya mtu asiyeijua. Uzi wake hauangazi kama taa; huwa mwekundu hafifu, nao katika chumba chenye mwanga wa mchana hauonekani kabisa. Mtu akifanya kazi kwa macho, akiona giza ndani ya kioo, huzidi kuongeza volti hata aone mwanga, na mwanga huo ndio mwisho wa vali. Na aitazame mita. Ikisoma volti 1.1, avae visikilizi na kungoja. Atasikia mchakato mdogo, kama mchanga uangukao juu ya karatasi, na baada yake sauti.